Runyenjes: shilingi yako ya historia iende wapi

Mzazi wa Runyenjes anayetaka watoto wake wajue walikotoka huuliza kwanza kiingilio cha makumbusho ni pesa ngapi. Kiingilio ndicho kipande kidogo cha gharama. Familia ya watu watano ikienda Meru na kurudi imelipa nauli mara kumi, haijala bado, na siku nzima ya shamba imekwenda. Kwa hiyo hesabu ianzie stejini.

Meru iko takriban kilomita 100 kutoka hapa, kwa barabara ya Chuka, Chogoria na Nkubu. Makumbusho yake yalifunguliwa 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za mkoloni. Unachonunua pale ni vitu vyenyewe: zana, vyombo, mitishamba, na boma la Kimeru ambalo mtoto anaona nyumba zilivyokuwa badala ya kuambiwa tu. Hilo halipatikani kijijini siku hizi, na ndiyo sababu ninaona safari hii inafaa, ila isiwe ya familia moja moja. Wazazi wa darasa moja wakikodi matatu ya abiria 14 na kugawana gharama, hawatasimama barabarani wakingoja magari yanayotoka Nairobi yakiwa yamejaa. Raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, na mtoto hulipa nafuu zaidi. Malipo hupitia eCitizen, kwa hiyo weka pesa kwenye simu kabla ya kuondoka. Ondokeni alfajiri, mrudi kabla ya giza. Pale daraja la Nithi, kwenye barabara hii hii, Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva asiyekimbia ni sehemu ya bei, hata akidai zaidi kidogo.

Mkishafika Meru, Nchiru si mbali. Nauli ya kuongeza ni ndogo. Huko ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Mwaka 1956 wazee hao walipiga marufuku ukeketaji, na wasichana wengi wakakaidi kwa kukeketana wenyewe. Kisa hicho kinawafaa watu wazima na wanafunzi wa sekondari; watoto wadogo wabaki na boma la makumbusho. Wala msijitokeze tu. Zungumzeni na wazee mapema, mjue nani anaruhusiwa kuingia wapi, la sivyo mtakuwa mmelipa nauli ya kutazama lango.

Safari ya makumbusho ya Nairobi ningeiacha. Ni ghali zaidi, na historia ya Waembu pale ni kipande kidogo cha hadithi ya nchi nzima.

Embu mjini ni karibu na nafuu. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake 2016, kikiwa na mhadhara ulio wazi kwa umma, gharama yako huwa nauli tu. Tatizo ni kwamba mihadhara ya namna hiyo aghalabu huwa siku ya kazi, tena kwa Kiingereza, na nyanya aliyebeba nusu ya historia hiyo kichwani hubaki nyumbani.

Ndiyo maana, kama pesa ni za jambo moja tu mwaka huu, mimi ningezitumia hapa hapa. Masimulizi ya asili ya Waembu yanaanzia Mbui Njeru, karibu na mji huu wa Runyenjes: Mwenendega aliyekutana na Nthara mtoni, akamwoa, wakazaa ukoo. Watoto wetu wanapita karibu na mahali hapo wakienda shule, na wengi hawajawahi kusikia jina hilo. Kukodi viti, kuomba ukumbi wa kanisa, chai na mandazi, maikrofoni ya kuazima: zile nauli kumi za Meru zinakaribia kutosha, nao wanaofaidi ni kijiji kizima.

Msibane pesa kwa msimulizi. Mzee anayeketi kwa saa tatu akitaja rika na koo amefanya kazi. Mpelekeeni sukari na majani ya chai kama desturi ilivyo, halafu mpeni na bahasha, tena muiweke kwenye bajeti tangu mwanzo kama mnavyoweka viti. Wazee wawili au watatu wakikaa pamoja ni bora kuliko mmoja, kwa sababu watapingana, na hapo ndipo vijana huamka. Mwalimu anayeandaa maswali atafute kazi za H. S. K. Mwaniki, aliyekusanya ushahidi wa wazee wa Embu na Mbeere akauchapisha 1973 na 1974. Kitabu chake kimoja kinaishia 1906, mwaka Waingereza walipowashinda Waembu kwa silaha. Waulizeni wazee familia zao zilisema nini juu ya mwaka huo.

Gharama ya mwisho ni kurekodi. Simu ya kawaida inatosha, ikiwekwa karibu na mdomo, mbali na sufuria za chai. Nakala moja wapewe watoto wa mzee, nyingine ibaki shuleni, na mzee aulizwe kwanza ni sehemu gani hataki isikike nje ya ukoo.