Ukarabati wa Nyumba za Mawe (4): Fremu ya Mlango Iliyooza

Fremu ya mlango katika nyumba kongwe ya mawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu, huanza kuoza chini. Miimo yake imesimama karibu na sakafu, na ukuta unaoishika, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya maji kutoka ardhini. Ukuta wenye lipu ya chokaa huyatoa maji hayo hewani kidogo kidogo. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hukosa njia, yakapanda na kutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye mbao za mlango. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Kwa hiyo kubadilisha fremu bila kubandua saruji iliyoizunguka ni kuiozesha mpya kama ya zamani.

Kuoza hupimwa kwa bisibisi. Huchomwa kwenye mwimo kuanzia kizingiti cha chini kwenda juu. Mbao nzima huikataa, iliyooza huipokea bila nguvu, hata kama rangi ya nje bado inang'aa. Mwimo ulioliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi ukigongwa. Ikiwa ubovu umeishia chini, hakuna sababu ya kung'oa fremu nzima: sehemu mbovu hukatwa kwa mshazari na kuungwa kipande cha mti wa aina ile ile. Fremu yenye nakshi inastahili subira hiyo kuliko zote, kwa maana nakshi ya fundi wa kale haina mbadala dukani. Katika Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe hutafutwa kabla ya patasi kushikwa.

Fremu iliyooza hadi juu hutolewa yote. Kwanza hukaguliwa boriti zilizobeba ukuta juu ya mlango. Zikiwa zimepinda au zimeoza, huenda fremu ndiyo inayobeba uzito, na ukuta lazima uegemezwe kwa nguzo za muda. Kisha lipu ya kandokando hubanduliwa kwa tindo, mwimo hukatwa katikati kwa msumeno, na kila nusu huvutwa kwa ndani. Mtaimbo usiegemezwe kwenye jiwe la tumbawe, kwani humeguka.

Milango mingi ya zamani haina bawaba. Kila ubawa una ncha juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Kwa sababu hiyo vizingiti vya zamani, hata vikiwa vibovu, havitupwi mpaka nafasi na kina cha kila tundu vimehamishiwa kwenye mbao mpya. Tundu likikosewa kidogo tu, ubawa hukwaruza sakafu au mfaa wa katikati haufuniki mwanya.

Mbao mpya iwe mvule, msaji au mninga, iliyokaushwa vizuri na kutolewa kwenye kiini cha mti. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo mchwa huianza. Viungo hufanywa kwa ulimi na tundu, vikabanwa kwa vijiti vya mti mgumu. Misumari ya chuma hupata kutu upesi katika hewa ya chumvi, na kutu hiyo huharibu mbao inayoizunguka. Ncha za chini za miimo hupakwa mafuta mara kadhaa, maana hapo ndipo mti hunyonya maji zaidi.

Fremu husimamishwa kwa kabari, ikanyooshwa kwa timazi pande mbili, kisha hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Vipimo hivyo viwili vikilingana, pembe za fremu ni mraba. Mwanya kati yake na ukuta hujazwa vipande vya mawe na udongo wa chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi usio na chumvi. Lipu hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likinyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukazwa na hewa polepole na ikikauka haraka hupasuka. Rangi husubiri hadi ukuta ukauke.