Kelele za Matatu na Masikio Yako

Msomaji, huenda umenunua kicheza muziki cha mfukoni chenye sauti safi kabisa, kisha ndani ya matatu ukaifungulia hadi mwisho. Nami nimewahi kufanya hivyo. Lakini kinachofunika muziki wako ni ngurumo ya injini na makelele ya makanga. Tafuta visikizio vinavyoziba tundu la sikio sawasawa. Utazisikia nyuzi za gitaa hata kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani hushauri usizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda huo hupungua nusu. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Masikio yakivuma hadi kesho yake, muone daktari.