Kilionekana Wapi? Kuhamisha Mahali pa Kimelea kutoka Hadubini Moja hadi Nyingine

Tunduma ni mji ambao wengi huupitia wakielekea kwingine. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo kabla ya kuingia Zambia, reli ya TAZARA huvuka mpaka hapo hapo, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Katika mji wa namna hiyo, mtu aweza kutoa makohozi asubuhi, na jioni akawa amekwisha kuvuka. Kwa hiyo jibu la maabara linapaswa kuwa sahihi mapema, na likitiliwa shaka, shaka hiyo iondolewe upesi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa lori amekohoa kwa wiki tatu. Mtaalamu wa maabara anapaka makohozi yake kwenye slaidi, anaitia rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, kisha anaisoma kwa lenzi ya mafuta. Baada ya kupitia maeneo 100 ya kuonea, amekuta vijiti viwili tu vyekundu. Anaandika katika rejesta: vimelea vichache, 2. Baadaye slaidi inapelekwa katika maabara nyingine kwa uhakiki. Msomaji wa pili anapitia maeneo 100 na haoni kitu. Je, nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Makohozi yaliyotandazwa kwa upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 2 yanafunika milimita za mraba 200. Kwa lenzi ya mafuta, jicho huona mduara wenye kipenyo cha takriban milimita 0.2 tu. Slaidi hiyo moja, basi, ina zaidi ya maeneo 6,000 ya kuonea. Anayesoma maeneo 100 amepitia chini ya sehemu mbili katika kila mia za utandazo wote. Vimelea vikiwa vingi, popote atakapotazama atavikuta. Vikiwa viwili, wasomaji wawili hodari waweza kupishana kama wasafiri waliopita njia mbili tofauti katika msitu mmoja.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa. Kwa utaratibu wa kimataifa wa kupima wingi wa vimelea, kimelea 1 hadi 9 katika maeneo 100 huandikwa kwa idadi yake kamili, kwa kuwa ni jibu la mashaka kuliko yote. Upande mmoja kuna mtu anayehitaji dawa za miezi sita na familia inayohitaji kuchunguzwa. Upande wa pili kuna mtu ambaye huenda punje ya rangi imedhaniwa kuwa kimelea. Swali linalokata shauri ni moja: kilionekana wapi?

Zamani jibu lilikuwa duara la kalamu kwenye kioo. Lakini duara hilo ni pana, hufutika pamoja na mafuta, na ndani yake mna mamia ya maeneo ya kuonea. Njia bora ni koodinati, yaani namba mbili zinazosomwa kwenye skeli za jukwaa la hadubini: moja ya kwenda kulia na kushoto, nyingine ya kwenda mbele na nyuma. Taabu yake ni kwamba kila hadubini ina namba zake. Slaidi ile ile ikiwekwa kwenye hadubini nyingine, namba zile zile zitaelekeza mahali pengine kabisa.

Hapo ndipo programu ya kompyuta inapofaa. Kabla ya kusoma, slaidi huchorwa alama tatu ndogo kwa kalamu ya almasi, mbalimbali na nje ya utandazo. Msomaji wa kwanza huandika namba za alama hizo na za kimelea alichokiona, na hupiga picha akikizungushia duara na kuandika maelezo mafupi. Msomaji wa pili huandika namba za alama zile zile tatu kama zinavyosomeka kwenye hadubini yake. Programu hulinganisha pande mbili, ikapata slaidi imesogea kiasi gani, imepinda kiasi gani, na kama skeli zinahesabu kwa mwelekeo mmoja. Kisha hutoa namba mpya za kimelea.

Mfano wake mwepesi ni huu. Alama ya kwanza inasomeka 30.0 na 12.0 kwenye hadubini ya kwanza, na 27.5 na 15.0 kwenye ya pili. Kama slaidi haikupinda na skeli zinahesabu kwa mwelekeo mmoja, namba ya kwanza imepungua 2.5 na ya pili imeongezeka 3.0. Kimelea kilichoandikwa 41.4 na 16.2 kitatafutwa penye 38.9 na 19.2. Alama mbili zinatosha kugundua kupinda. Ya tatu ni shahidi, kwani isipoafikiana na hesabu, kuna namba iliyosomwa vibaya. Kwa kuwa skeli hizo husoma hadi milimita 0.1, na eneo la kuonea lina milimita 0.2, msomaji atafute pia maeneo jirani kabla ya kusema hakuna kitu.

Gharama si kubwa. ImageJ na QuPath ni programu za bure za kuweka alama kwenye picha, na zikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Hesabu ya kuhamisha namba yaweza kufanywa hata kwa jedwali la kawaida la kompyuta.

Yako mambo matatu ya kulindwa. Kwanza, uhakiki unataka msomaji wa pili asijue jibu la wa kwanza. Kwa hiyo alama na namba zifichwe mpaka aandike jibu lake. Zifunguliwe tu majibu yakitofautiana, msomaji wa tatu anapoamua. Pili, picha ibebe namba ya maabara, kamwe isibebe jina la mgonjwa. Tatu, picha haichukui nafasi ya slaidi, slaidi itunzwe.

Yupo atakayeuliza kama haya yana maana leo, wakati vipimo vya vinasaba kama GeneXpert ndivyo vinavyotangulia katika kugundua ugonjwa. Maana ipo. Vipimo hivyo hunasa hata vinasaba vya vimelea vilivyokufa, hivyo maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa bado hufuatiliwa kwa hadubini. Na Tanzania ina historia yake katika jambo hili: ni hapa ambapo Dkt. Karel Styblo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alishirikiana na mpango wa taifa kujenga mfumo uliotegemea usomaji wa makohozi, ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni.

Kwa mgonjwa, wajibu ni mdogo lakini hauna mbadala. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi afike kituoni, atoe makohozi ya kifuani na si mate, na aache namba ya simu inayopatikana, hata kama safari yake ni ya Lusaka. Slaidi ikirudiwa kusomwa na kimelea kikathibitika, lazima awepo mtu wa kupigiwa.