Wembe wa Babu

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Sisi twasema, utazameni kwanza.

Babu zetu Wanyamwezi walichukua mizigo toka Bagamoyo hata Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikashuka mabegani, vyombo vyao vikabaki masandukuni. Basi kijana anayejifunza kunyoa ndevu akirithi nyembe mbili, asiuchague mmoja kwa uzuri wa mpini. Aziinue penye nuru. Wenye ufa au pengo na auweke uwe ukumbusho, maana utamjeruhi. Wenye kutu kidogo na makali yaliyonyoka wafaa: aunoe kwa jiwe laini, kisha ausugue katika ukanda wa ngozi. Auoshe kwa maji yachemkayo, wala asiuazime, kwa kuwa damu huchukua maradhi.

Kumheshimu babu ni kuutunza wembe wake, si kujikata nao.