Nakala Mbili za Programu Moja Katika Kompyuta ya Kituo cha Afya

Kituo cha afya kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta huweza kuhitaji nakala mbili za programu ile ile: moja ya kazi halisi, nyingine ya mafunzo. Mfano ni OpenMRS, programu huria iliyoanza kutungwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, tangu mwaka 2006. Mtumishi mgeni hapaswi kujifunzia kwenye taarifa za wagonjwa halisi. Na palipo na kompyuta moja tu, nakala zote mbili hulazimika kukaa pamoja.

Jambo hilo linawezekana kwa masharti matatu. Kwanza, kila nakala iwe na hifadhidata yake. Zikielekezwa kwenye hifadhidata moja, mgonjwa wa kubuni aliyeandikwa mafunzoni atatokea miongoni mwa wagonjwa wa kweli. Pili, kila nakala iwe na folda yake ya mipangilio na mafaili. Tatu, kila nakala iwe na anwani yake. Programu mbili haziwezi kupokea maombi kwa namba moja ya mlango katika anwani moja ya kompyuta. Ya kwanza ikishika 8080, ya pili ipewe nyingine, mathalani 8081.

Hata hivyo, namba pekee haitoshi. Kivinjari hakitenganishi vidakuzi kwa namba ya mlango, hivyo anayefungua nakala zote mbili kwa pamoja huweza kutolewa katika mojawapo bila kutarajia. Inafaa nakala ya mafunzo ipewe pia jina tofauti katika anwani.

Hatari kubwa zaidi hutokana na kufanana kwa nakala hizo. Muuguzi akiandika mzio wa penisilini kwenye nakala ya mafunzo, daktari wa zamu ya usiku hatauona, na mgonjwa aweza kuchomwa sindano itakayomdhuru. Kwa hiyo, nakala ya mafunzo iwe na rangi yake, neno MAFUNZO lionekane katika kila ukurasa, na nywila zake ziwe tofauti. Aidha, chelezo ya hifadhidata halisi itunzwe nje ya kompyuta hiyo, kwani diski ikiharibika, nakala zote hupotea pamoja.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Kila ahudhuriapo, ataje mzio alionao na dawa anazotumia, hata kama alikwisha kuzieleza. Jina lake lisipoonekana, aombe litafutwe tena kabla ya kufunguliwa faili jipya.