Fundo kwenye Pindo la Kanga

Sokoni Kibiti, Tanzania, udongo wa kula ambao wengi huuita pemba hupangwa mafungu mafungu kama ndimu. Mama mjamzito huvunja kipande, akatafuna, kikalia kama chaki, na hakuna anayegeuka kumtazama. Anayetia wasiwasi ni yule anayejificha: mimba hana, mtoto keshamwachisha ziwa, na bado pindo la kanga lina fundo la udongo, na ukuta wa nyuma ya kitanda una mashimo ya ukucha.

Madaktari huita hali hiyo pika, moja ya maradhi ya ulaji: mtu kula kisicho chakula kwa mwezi mzima au zaidi. Ila wameweka sharti ambalo mimi naliona la busara, kwamba kinachokubalika kimila hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Kwa hiyo wa sokoni ana hamu tu. Wa ukutani anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Pwani hii jambo lenyewe ni la zamani. David Livingstone, katika shajara zake za mwisho zilizochapishwa mwaka 1874, alieleza kuwa Zanzibar maradhi ya kula udongo yaliitwa safura, na kwamba yaliwapata matajiri wenye shibe sawa na watumwa. Leo safura ni wale minyoo wanaofyonza damu utumboni. Neno moja limebeba udongo, minyoo na upungufu wa damu, na sidhani ni kwa bahati.

Kilifi, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watafiti waliwauliza wajawazito 275. Zaidi ya nusu walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na walaji walikuwa na akiba ndogo zaidi ya madini ya chuma mwilini. Kipi kilitangulia? Hapo wataalamu hawajaafikiana. Huenda mwili uliopungukiwa chuma ndio unaoleta hamu. Wanaotafuna barafu, kwa mfano, mara nyingi huiacha wakipewa vidonge vya chuma. Huenda pia udongo wenyewe unakishika chuma cha chakula tumboni kisiingie kwenye damu. Mtafiti Sera Young, aliyefanya kazi kisiwani Pemba, anaona upande mwingine: udongo laini unaweza kulikinga tumbo na sumu na vijidudu.

Sasa mazungumzo. Wengi wetu huanza kwa kejeli, "Unakula udongo kama kuku?", na kuanzia siku hiyo mwenzako anakula usiku. Mama mkwe asitumwe kabisa. Mwacheni somo yake, au dada yake, aanze wakiwa wanamenya kamba au kuchambua mchele, macho yakiwa kwenye ungo. Aanze na jambo ambalo kila mtu analijua: "Mvua ya kwanza ikinyesha, ile harufu ya vumbi wewe inakufanyaje?" Atacheka, kisha atasema. Hapo ndipo unapomuuliza kama siku hizi anachoka upesi, kama moyo unamwenda mbio akibeba ndoo. Pemba usimnyang'anye, ataupata kwingine.

Na usimwambie "nenda hospitali." Kwa mtu wa visiwa vya delta ya Rufiji, safari hiyo ni mtumbwi na kusubiri maji yajae. Mwambie "twende." Mkifika, ombeni apimwe wingi wa damu, na choo kwa ajili ya minyoo. Kwa mjamzito, himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu kwa kawaida huhesabiwa upungufu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, kwa hiyo hatakuwa peke yake kwenye foleni.

Akipewa vidonge vya damu, asivimeze na chai, maana chai huzuia chuma; mchicha wake aukamulie ndimu. Na mwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Wengi hushtuka siku hiyo, wakavitupa.