Ruhusa ya daktari si mwisho wa ugonjwa

Watu wa Pwani tunasifiwa kwa kujua kuzuru wagonjwa. Mtu akilazwa hospitali ya Msambweni, hazipiti siku mbili ila utawaona jamaa na majirani wanateremka matatu na vikapu vyao: uji ndani ya chupa ya chai, madafu, maandazi. Na siku ya mtu ikitimia, mazishi hujaa watu hata pakakosekana pa kusimama. Lakini baina ya kitanda cha hospitali na kaburi iko njia ya tatu, na ndiyo wapitayo wengi: njia ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo mkono wetu wa sadaka unapokuwa mfupi.

Mgonjwa akipewa ruhusa twasema, "Alhamdulillahi, amepona." Hajapona, ameruhusiwa tu. Daktari amemaliza kazi ya kisu na sindano. Iliyobaki ni kazi ya uji, maji, usingizi, na nauli ya kurudi kusafishwa kidonda.

Tumtazame mvuvi wa Gazi, au mkwezi wa minazi wa Muhaka, aliyepasuliwa busha. Ugonjwa huu na ndugu yake, matende, huletwa na minyoo midogo isambazwayo na mbu, na pwani yetu ya kusini yaujua tangu zamani. Akisha kupasuliwa, kwa wiki kadhaa mtu huyu hawezi kukwea mnazi, kuvuta nyavu wala kubeba gunia, ilhali watoto wake hula kwa nguvu za mikono yake. Siku ya tano au ya sita, akiona jiko halikuwashwa, huondoka kitandani akaenda kazini. Kidonda kikifumuka, lawama humwangukia yeye: "Hasikii maneno ya daktari." Kumbe maneno aliyasikia, alichokosa ni unga.

Mwenye matende naye, mguu wake wataka kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe hata baina ya vidole, na uinuliwe anapopumzika. Si tiba ya gharama. Lakini upande wa Kinango, ambako maji aghalabu huchotwa mbali, ndoo moja ya jirani yaweza kuwa sadaka kubwa kuliko noti.

Msambweni hiyo hiyo ilijulikana zamani kwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Mnamo 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za mchanganyiko, na leo ukoma hutibiwa kwa miezi 6 au 12. Lakini dawa huua vijidudu. Haziondoi kila mara ganzi iliyokwisha kuingia nyayoni. Aliyepona aweza kukanyaga mwiba asijue. Huyo anahitaji viatu, na jicho la kumtazama nyayo kila jioni. Zaidi ya hayo, anahitaji kukaribishwa kwenye sinia ale na wenzake.

Arobaini kwa kila mgonjwa

Ndugu msomaji, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo. Mwanamke akizaa, hahesabiwi kuwa mzima siku ile aliyotoka wodini. Anayo arobaini yake. Hupikiwa uji wa pilipili manga, huchemshiwa maji, hufuliwa nguo, na mtoto hupakatwa na wengine ili mama apate kulala. Hakuna amwitaye mvivu. Basi kwa nini aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, au aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, asiwe na arobaini yake?

Wadigo wana mweria, kazi ya shamba ifanywayo kwa ujima, leo kwako kesho kwangu. Mweria huo waweza kulima shamba la mgonjwa ili mvua za masika zisimpite. Mabaharia waweza kumwekea mwenzao fungu la samaki chombo kirudipo. Vyama vya akina mama vinavyochangishana kila juma vyaweza kutenga kidogo kwa ajili ya nauli. Na kwa Waislamu, zaka ina mafungu manane, na mwenye deni amo ndani yake. Wako wagonjwa warudio nyumbani na madeni ya matibabu. Sadaka, ambayo mlango wake ni mpana zaidi, haimwulizi Mduruma wala Mkamba wa jirani anasali wapi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, usisimame mlangoni ukamwambia, "Ukitaka kitu niite." Hataita, haya itamzuia. Mpikie umpelekee. Na umpelekee kwa siri, bila kumpiga picha wala kumtaja kwenye kipaza sauti, kwani heshima nayo ni sehemu ya dawa.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wa kuzungukia watu majumbani. Ni jambo jema. Wao ndio wa kuulizwa mgonjwa akipata homa, au kidonda kikitoa usaha. Wala tusikimbilie kumkanda aliyepasuliwa au kumpaka majani penye mshono. Lakini mhudumu huyo ana nyumba nyingi za kuzuru. Hawezi kuwa mpishi na mchota maji wa kila moja.

Kwa hiyo kila mtaa, Diani, Ukunda, Msambweni hata Lunga Lunga, ujiulize mambo manne mtu anaporudi kutoka hospitali: nani atachota maji, nani atapika, nani atamsindikiza siku iliyoandikwa kwenye kadi, na nani atashika kazi yake mpaka apate nguvu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Siku ya kwanza nyumba itajaa watu na pole zitakuwa nyingi. Mgonjwa atawajua majirani zake wiki ya tatu.